Vyura wanalia, rafiki anaandamwa na kisirani: chanzo ni kimoja, na si ulozi

Mvua za kwanza zikianguka Kilwa, pembeni ya ziwa Moero, usiku unakuwa wa vyura. Wanalia katika mashimo ya matofali, katika mifereji ya barabara, katika matete ya kando ya ziwa, na wengine karibu kabisa na mlango wa nyumba. Mtu anajaribu kulala, wanalia. Anaamka saa nane za usiku, bado wanalia. Na mara nyingi, ndani ya wiki zile zile, kuna mtu katika mtaa anaanza kupatwa na mambo mabaya, moja nyuma ya lingine.

Hapo majirani wanaanza kuunganisha. Mmoja anasema: "Tangu ile machula ianze kulia pa kiwanja yake, hajapata amani." Wa pili anasema hawa si vyura wa hapa, ni wageni, kuna mutu aliwatuma. Wa tatu anataja jina. Na jina lile mara nyingi ni la mama mzee asiye na mtoto wa kumtetea, ao la mtoto yatima anayelelewa na ndugu.

Kwa hiyo swali la vyura na kisirani si la kuchekesha tu. Linaweza kuishia na mtu kufukuzwa katika nyumba yake, kupigwa, ao kuuawa. Habari hii inaeleza vyura hao wanatoka wapi, kama kweli ni wageni, na juu ya nini mateso ya rafiki yanafika wakati mmoja na kelele zao. Jibu kwa ufupi: vyura hawaleti kisirani. Maji yaliyosimama ndiyo yanawaita vyura, na maji hayo hayo ndiyo yanaleta sehemu kubwa ya mateso ya sizoni ya mvua.

Vyura walikuwa wapi wakati wa jua?

Kuanzia mwezi wa tano mpaka mwezi wa tisa, Katanga ya juu haina mvua. Udongo unakauka, majani yanaungua, na vyura hawasikiki sana. Lakini hawakuhama. Wengi wanajificha chini ya mawe, katika mashimo ya panya, chini ya mizizi, nyuma ya mitungi ya maji, katika matope yaliyobaki. Ngozi ya chura inapoteza maji haraka, kwa hiyo jua ni adui yake. Anangoja.

Mvua ikianguka, anatoka. Sasa ana kazi moja: kuzaa kabla maji hayajakauka. Anayelia ni dume. Anajaza hewa katika mfuko ulio chini ya koo, ile hewa inatetemesha sauti, na mfuko unaikuza. Jike anasikiliza, anachagua, anamfuata. Dume akinyamaza, hapati jike. Ndiyo sababu madume wote wanalia kwa mara moja, kila mmoja akijaribu kushinda jirani yake. Ni sawa soko ambalo kila muuzaji anaita wateja. Mtu akipita karibu na taa ya mkono wananyamaza, si kwa sababu wana siri, ni kwa kuogopa kuliwa.

Na juu ya nini wanakaribia nyumba? Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni mashimo. Huku watu wengi wanafyatua matofali palepale wanapojenga. Nyumba ikiisha, shimo linabaki, na mvua inalijaza. Kwa chura, hilo ni ziwa dogo lisilo na samaki wa kula mayai yake. Sababu ya pili ni taa. Siku hizi nyumba nyingi zina taa ya nguvu za jua inayowaka nje usiku. Taa inaita wadudu, wadudu wanaita chura. Anakaa chini ya taa akila, kiisha anarudi katika shimo kulia. Mwenye nyumba akimuona kila usiku mbele ya mlango, anaanza kufikiri kwamba chura anamwangalia yeye. Chura anaangalia wadudu.

Kweli ni vyura wageni?

Neno "mgeni" lina maana yake katika elimu ya viumbe. Mnyama mgeni mvamizi ni yule aliyepelekwa na watu, kwa kutaka ao kwa bahati mbaya, mahali ambapo hakuwako, na ambapo hakuna adui wa kutosha wa kumzuia. Anaongezeka kupita kiasi na kusumbua viumbe wa pale.

Mfano unaojulikana sana ni wa Hawaii, visiwa vya Marekani katika bahari ya Pasifiki. Kuna chura mdogo sana anayeitwa koki, kwa sababu sauti yake inasikika "ko-kii". Kwao ni kisiwa cha Puerto Rico. Katika miaka ya mwisho ya 1980 alifika Hawaii akiwa amejificha katika mimea ya vyungu iliyoletwa kuuzwa. Kule hapakuwa na nyoka wa kumla. Akaongezeka, na kelele yake kwa karibu ikafikia desibeli 80 mpaka 90, karibu sawa na mashine ya kukata majani. Watu wakakosa usingizi. Lakini angalia walichofanya: walitafuta njia aliyopitia, wakaikuta katika vyungu vya maua, wakaanza kukagua mimea na kupulizia dawa ya tindikali ya limau mahali alipojificha.

Mfano wa pili unagusa Afrika yetu moja kwa moja. Kuna chura mkubwa wa ngozi yenye mabaka na vidonge, anayelia kwa sauti nzito kama mtu anayekoroma. Wataalamu wanamwita Sclerophrys gutturalis. Anaishi katika sehemu kubwa ya mashariki na kusini ya Afrika, pamoja na kusini mwa Congo. Huyo ni wa hapa, na wazee wamemsikia tangu utoto wao. Lakini mwaka 1922 watu walimpeleka kisiwani Morisi ili ale wadudu wanaoharibu miwa, na mwaka 1927 akatolewa Morisi kupelekwa Réunion. Hakumaliza wadudu wa miwa. Alibaki, akaongezeka, na akala konokono na wadudu wa visiwa hivyo ambao hawapatikani mahali pengine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alionekana pia katika mitaa ya Cape Town, mbali na maeneo yake ya asili, na viongozi wa mji wakaanzisha kazi ya kumwondoa.

Hesabu ya Australia ni mbaya zaidi. Mwaka 1935 waliletewa vyura karibu mia moja wa asili ya Amerika, wakitolewa Hawaii, kwa kazi hiyo hiyo ya kulinda miwa. Leo vyura hao ni mamilioni mengi, na sumu yao inaua wanyama wanaojaribu kuwala.

Kwa hiyo chura mgeni yuko kweli duniani. Lakini kila mara njia yake inaonekana: merikebu, chungu cha maua, kiwanda cha sukari. Hakuna aliyetumwa usiku katika kiwanja cha mtu. Na kwa Kilwa mambo ni kinyume: huyu wa kukoroma ni mwenyeji hapa, na ni mgeni kwa wengine. Hapa ana maadui zake: nyoka, kenge, korongo na ndege wengine wa ziwa. Akiongezeka ghafula mtaani, maana yake ni kwamba watu wamemwongezea maji.

Juu ya nini mateso yanafika baada ya kelele?

Hapa ndipo kiini cha jambo. Watu wanaosema kwamba taabu ilikuja baada ya vyura kuanza kulia hawasemi uongo. Mara nyingi ndivyo inavyotokea. Lakini kitu kutangulia kingine si sawa na kukileta. Jogoo anawika mbele ya jua kutoka, na hakuna anayesema jogoo ndiye analeta jua.

Hesabu siku. Mvua kubwa inaanguka, shimo la matofali linajaa. Ndani ya siku chache vyura wanalia. Katika maji hayo hayo, mbu wa malaria anataga mayai. Mbu huyu, anofele, anapenda hasa maji madogo yenye kupigwa na jua: shimo la matofali, alama ya gurudumu la lori, unyayo wa ngombe. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka, ni karibu siku 7 mpaka 14. Mbu huyo akinyonya damu ya mtu mwenye malaria, vijidudu vinahitaji tena siku 10 hivi ndani yake kabla ya yeye kuweza kuambukiza. Akimuuma mtu mwingine, homa inaanza kwa kawaida baada ya siku 10 mpaka 15.

Jumlisha. Kutoka usiku wa kwanza wa vyura mpaka wakati palu inapoanza kujaa katika mtaa, ni wiki nne mpaka sita hivi. Vyura bado wanalia. Mtu anakumbuka kelele zilitangulia, hakumbuki mbu, juu mbu hapigi kelele ya kusikika mtaa mzima. Chura anashitakiwa kwa kosa la jirani yake wa shimo moja.

Congo ni nchi ya pili duniani kwa wingi wa wagonjwa wa malaria, nyuma ya Nijeria. Kwa hiyo katika sizoni ya mvua, nyumba inayopata homa mara mbili ao tatu si nyumba iliyolaaniwa. Ni nyumba ya kawaida iliyo karibu na maji.

Kuna pia kolera. Miji ya pembeni ya ziwa Moero inaijua. Mvua inajaza vyoo vya shimo, uchafu unatembea na maji mpaka kwenye visima na kwenye fukwe ambapo watu wanachota maji ya kunywa. Tena ni maji yale yale.

Balaa zinavyoshikana mikono

Chukua mfano wa mvuvi mwenye watoto wanne. Ni mfano tu, lakini wengi watajiona ndani yake. Mwezi wa kumi na mbili, mtoto wa mwisho anashikwa na homa. Baba anakosa usiku mbili za kazi juu ya kumpeleka kwenye kituo cha afya. Anakopa franka kwa dawa. Wiki inayofuata ni yeye mwenyewe anatetemeka. Wavu wake umebaki majini, unaibiwa ao unachanika. Anauza baiskeli kulipa deni. Bila baiskeli, bibi yake hawezi kupeleka chisense kwenye soko la mbali. Mwezi wa pili, ukuta wa jikoni unaanguka kwa mvua.

Mambo matano mabaya, na jirani anasema: "Hii si bure. Banamuloga." Lakini ukiyafuata moja moja, unaona kamba inayoyaunganisha. Homa ilileta deni. Deni lilichukua baiskeli. Kukosa baiskeli kulipunguza biashara. Ukuta ulianguka juu ya mvua, na haukutengenezwa mapema juu ya kukosa franka. Balaa ya kwanza ndiyo ilifungulia zingine mlango. Hivi ndivyo umaskini unavyofanya kazi, mtu hana akiba ya kusimamisha pigo la kwanza.

Na sizoni yenyewe ni nzito kwa kila mtu. Upande wa Zambia wa ziwa, uvuvi unafungwa tangu tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari ili samaki wazae, na upande wa Congo pia viongozi wanafunga uvuvi katika miezi ya mvua. Mahindi mapya bado shambani, yale ya zamani yanaisha. Barabara ya kwenda Lubumbashi inaharibika, bei ya vitu inapanda. Kwa hiyo kisirani kina kalenda yake, na kalenda hiyo ni moja na ya vyura.

Kisha kuna jambo la bahati tupu. Chukua kizibo cha chupa ya soda, ukitupe mara 20, uandike kila mara kimeangukia upande gani. Mara nyingi utaona upande mmoja ukirudi mara nne ao tano mfululizo. Hakuna aliyekiloga kizibo. Bahati haigawiwi kwa usawa kama ugali katika sahani. Katika mtaa wa nyumba mia, kila mwaka kutakuwa na nyumba moja ao mbili zilizopigwa kuliko zingine, hata kama hakuna anayezichukia.

Kuua vyura kunasaidia?

Wengine wanamwaga mafuta ya gari, chumvi nyingi ao mazuti katika maji ili vyura wafe. Ni hatari. Mafuta yanaingia ardhini mpaka kwenye kisima, na yale ya gari yana sumu inayobaki siku mingi. Chumvi inaharibu udongo wa bustani. Na mwezi ujao vyura wengine watakuja, juu shimo liko pale pale.

Zaidi ya hayo, chura anakula wadudu. Mwaka 2022, watafiti walichapisha kazi yao juu ya Costa Rica na Panama, nchi za Amerika ya Kati ambako ugonjwa wa ukungu wa ngozi uliua vyura wengi sana. Waliona kwamba baada ya vyura kupungua, malaria iliongezeka: wakati wa kilele, karibu mgonjwa mmoja zaidi kwa kila watu 1000 kwa mwaka. Hii haimaanishi kwamba chura peke yake anaweza kulinda nyumba. Lakini inaonyesha kwamba kumwondoa hakuleti afya.

Jambo moja la kuangalia: huyu chura wa mabaka ana tezi nyuma ya macho zenye sumu. Haziumi mtu anayepita, lakini watoto wasimchezee, na mtu aliyemshika anawe mikono kabla ya kugusa macho ao chakula.

Kutaja mtu ni kosa, na kunaua

Mwezi wa Septemba 2021, katika Kivu Kusini, wanawake wanane walioshitakiwa ulozi waliuawa, wengine kwa kuchomwa moto. Kila mara jambo linaanza kwa namna moja: mtu anateseka, anatafuta sababu, anakuja mwingine anayesema ameona sababu, na anataja jina.

Sheria ya Congo haisemi kitu kimoja tu juu ya hili. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto ulozi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaongeza, katika kifungu cha 160, kwamba anayefanya hivyo anaweza kufungwa mwaka mmoja mpaka mitatu na kulipa faini. Haijalishi kama anayesema ni mzazi, pasta, ao nganga. Na kwa watu wakubwa, sheria ya makosa ya jinai inaadhibu anayemlazimisha mwingine majaribio ya kishirikina, sawa yale ya zamani ya kunywesha mwavi. Kupiga, kuchoma nyumba na kuua ni makosa kwa hali zote, hata kama mtaa mzima ulikubali.

Mtu anayeogopa kwamba jina lake linatajwa asingoje usiku. Aende mapema kwa chifu, kwa polisi, ao kwa viongozi wa kanisa lake walio na hekima, akiwa na ndugu mmoja wa kushuhudia.

Rafiki wa kweli anafanya nini?

Rafiki akisema "nimechoka, hii machula itaniua", asichekwe. Kukosa usingizi ni mateso ya kweli, na mtu asiyelala anaona kila jambo kuwa zito kuliko lilivyo. Lakini msaada uende kwenye shimo, si kwenye jina la mtu.

Kwanza, watu watatu wenye pau na torori wanaweza kujaza shimo la matofali kwa siku moja ao mbili. Kama ni kubwa sana, wachimbe mfereji maji yatoke. Maji yakitoka, vyura wanahama wenyewe, na mbu wanakosa pa kutaga. Matairi ya zamani, makopo na mitungi iliyovunjika iondolewe pia. Wanaojenga sasa wachimbe udongo mbali na nyumba.

Pili, taa ya nje izimwe saa za kulala, ao isogezwe mbali na mlango.

Tatu, kila anayelala chini ya paa hilo alale ndani ya mustikere kila usiku, hata usiku wa joto. Mustikere haikufanywa kwa kuvua samaki wala kwa kufunika bustani.

Nne, homa ikianza, mgonjwa apimwe siku ile ile ao kesho yake. Kipimo cha malaria kinatoa jibu ndani ya nusu saa. Mtoto mwenye homa anayetetemeka, anayekataa kunyonya ao anayelala bila kuamka vizuri, hawezi kungoja maombi yaishe. Maombi yafanywe njiani. Kama ni kuharisha maji maji kama maji ya mchele, mtu apewe maji ya kunywa yenye chumvi na sukari palepale, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, huku akipelekwa kwenye kituo.

Tano, usaidie kukata ile kamba ya balaa mahali inapoanzia. Kumwazima rafiki baiskeli kwa wiki mbili, kumtolea wavu wake majini wakati ana homa, kumpa sehemu katika mzunguko wa likelemba kabla ya zamu yake: hayo yanaweza kuzuia balaa ya pili, ya tatu na ya nne. Majirani wanaotumia usiku mzima kutafuta mlozi wangeweza kwa saa hizo hizo kujaza shimo.

Vyura wa ziwani wataendelea kulia, kwa sababu ziwa ni lao pia. Wale wa mlangoni wanatoa habari ya bure: hapa kuna maji yaliyosimama. Anayewasikia usiku wa leo achukue pau asubuhi.